"Mali Ikiuzwa Hairudishwi": Maandishi Haya Yapigwe Marufuku?

Mwanzisha mada, Mombasa

Hoja yangu ni hii: duka lolote nchini Kenya linaloandika "mali ikiuzwa hairudishwi" kwenye risiti au ukutani litozwe faini, hata kabla mteja hajalalamika.

Sheria tunayo, tena nzuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012: muuzaji huhesabiwa kuwa ameidhamini bidhaa yake hata kama hakutamka neno garantii, na sharti lolote la kuifuta dhamana hiyo ni batili. Kwa hiyo maandishi yale yana nguvu tu kwa aliyenunua viatu vyekundu, kisha akafika nyumbani akatamani vyeusi. Huyo muuzaji akimkatalia, sawa. Pasi iliyoungua waya mara ya kwanza kuchomekwa ni jambo jingine kabisa.

Mtaniuliza: kama hayana nguvu, faini ya nini? Kwa sababu yanafanya kazi yake bila kufika mahakamani. Shangazi yangu alinunua friji katika duka moja hapa mjini, ikaacha kugandisha kabla mwezi haujaisha. Kijana wa kaunta hakuuliza hata friji ina nini. Aliigeuza risiti, akaweka kidole chini kabisa, penye mhuri wa wino wa zambarau. Shangazi akasoma, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda kutafuta fundi. Akaomba radhi yeye!

Muuza vifaa vya umeme, Luthuli Avenue, Nairobi

Ndugu wa Mombasa, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama upande huu wa kaunta. TV haitoki kwangu bila kuchomekwa mbele ya mteja. Anashika rimoti mwenyewe, anapandisha sauti, anachomeka flashi, tunakagua kioo kama kina mstari. Akiridhika ndipo tunarudisha boksi na kupiga tepu. Baadaye anarudi na kioo kimepasuka: "Nilikuta hivi." Mwingine stima imepotea, ikarudi kwa kishindo, bodi ikaungua, na hata kifaa cha kinga ya stima hakununua. Hayo nayo ni makosa yangu?

Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo hukuitaja, inasema mteja akishakagua, kasoro ambayo ukaguzi huo ungeifichua hawezi kuidai tena. Sikuitunga mimi.

Halafu mzigo nauchukua kwa mwagizaji anayeleta kontena kutoka Uchina. Nikimrudishia TV moja mbovu ananicheka. Faini yako itanipata mimi mwenye meza. Yeye hata hatajua kulikuwa na mjadala.

Fundi, Nakuru

Bosi wa Luthuli, kuhusu stima umesema kweli. Lakini msiseme haijulikani nani kaharibu. Bodi iliyopigwa na stima huacha alama: fyuzi imekuwa nyeusi, vipande vimepasuka, harufu ya kuungua bado ipo. Friji iliyotoka kiwandani na gesi inayovuja haina hata moja ya hizo. Mpe fundi asiye wa duka wala wa mteja, atawaambia.

Nawaombeni kitu kimoja nyinyi wanunuzi: kitu kikiharibika, msituletee sisi kwanza tukifungue. Nikishalegeza skrubu moja tu, duka litasema "mmeshaifungua", na hapo umejimaliza. Piga video ikiwa vilevile, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, ndipo utafute fundi.

Mkulima, Trans Nzoia

Nyinyi mnabishana juu ya kurudisha. Mbolea ghushi iliyouzwa kama ya ruzuku mwaka 2024 tungeirudisha wapi, nayo ilikuwa tayari ardhini? Serikali ilisema itawafidia waliouziwa. Sawa, lakini mahindi hayapandwi upya Juni. Bei ya mfuko ni kitu kidogo, hasara ni msimu. Kifungu hichohicho cha 46 kinataja fidia ya hasara, lakini kila tukizungumza haki za mnunuzi tunaishia kwenye friji.

Msomaji, Dar es Salaam

Wakuu, huku Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani ya kuisimamia, na Kariakoo maandishi yako palepale ukutani. Mimi naiamini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kuliko faini: ukiwa nayo, muuzaji hawezi kukuruka kwamba hukununua kwake. Tatizo ni sisi. Tukiambiwa "bila risiti nakupunguzia", tunapunguziwa.

Mwanzisha mada

Mkulima, una haki ya kulalamika. Hilo lastahili mjadala wake na nitaufungua.

Bosi, kifungu ulichotaja ni cha kweli, ila kisome chote: kasoro ambayo ukaguzi *ungeifichua*. Kioo kilichopasuka kingeonekana pale kaunta, hapo umeshinda. Friji inayovuja gesi kidogo kidogo haionekani kwa kuwashwa dakika tano.

Na usiseme hakuna pa kwenda. Tangu 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo: madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi imalizike ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Mteja aliyelipia kwa till ana ujumbe wa M-Pesa wa kuanzia. Mlango huohuo uko wazi kwako dhidi ya mwagizaji wako.

Muuza vifaa vya umeme, Luthuli Avenue

Uko wazi kwa karatasi. Mteja wangu analindwa na sheria ya 2012, mimi nanunua ili niuze, kwa hiyo sina hakika kama nahesabiwa mtumiaji. Kati yangu na mwagizaji, sharti lake la kutopokea mzigo linaweza kusimama. Na tuseme nimemshtaki nikashinda: wiki ijayo mzigo nitauchukua kwa nani?