Mwanangu ana uraia wa nchi mbili na ameanza kuficha pasipoti moja: nimweleze nini?

Muuguzi wa Tanga

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ni muuguzi, na huu ni mwaka wa kumi na tatu naishi Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na mume wangu ambaye naye ni Mtanzania. Binti yetu ana miaka tisa. Alizaliwa hapa wakati sisi tumeshapata ukaazi wa kudumu, kwa hiyo ni Mwingereza tangu siku alipozaliwa, na kwa sheria ya nyumbani ni Mtanzania wa kurithi.

Tarehe 4 Agosti 2024, katika ghasia zilizofuata mauaji ya watoto watatu wa Southport, kundi la wanaume lilisimama njia panda katika mji wetu huu, likawa linazuia magari na kuwauliza madereva kama ni weupe na kama ni Waingereza. Uvumi uliochochea ghasia ulidai kwamba muuaji ni mgeni aliyeingia kwa boti, kumbe kijana yule alizaliwa Cardiff. Siku ile tulifunga mapazia tangu mchana, tukamwambia mtoto kwamba tunazuia joto. Nadhani hakutuamini.

Juzi tulikuwa ndani ya basi. Nikamwambia, "Shika begi lako, tunashuka kituo kinachofuata." Akanivuta mkono wa koti, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba nisimsemeshe Kiswahili mbele za watu. Usiku, nilipokuwa nikitandika kitanda chake, nikakuta pasipoti yake ya Tanzania chini ya godoro. Alikuwa ameitoa kwenye bahasha ya nyaraka zetu. Nilipomuuliza, alilia, kisha akaniambia kwamba mwenzake darasani amesema wenye pasipoti mbili ndio watakaorudishwa kwanza.

Je, nimwache ajione Mwingereza tu mpaka hali itulie, au nimweleze kila kitu sasa? Na akifikisha miaka 18, sheria yetu itamfanyaje?

Mkenya wa Leicester

Pole sana, dada. Wanangu wawili ni Wakenya na ni Waingereza, na kwetu Katiba ya 2010 iliondoa mzigo wa kuchagua, kwa hiyo kwa swali lako la mwisho nawaachia Watanzania wenzako.

Ninachoweza kukushauri ni kuhusu shule. Usiishie kuzungumza na mwalimu mlangoni wakati wa kumchukua mtoto, kwa maana maneno hayo husahaulika kabla hujafika nyumbani. Mwandikie mwalimu mkuu barua, utaje tarehe na maneno yenyewe aliyoambiwa binti yako, kisha uombe ujibiwe kwa maandishi. Sheria ya Usawa ya 2010 inazibana shule pia, na mimi nilipoandika nilisikilizwa, ingawa mara mbili za kwanza nilipolalamika kwa mdomo niliambiwa kwamba ni utani wa watoto.

Halafu tunza karatasi. Wazee waliotoka visiwa vya Karibi kabla ya 1973 walikuwa na haki zote za kuishi hapa, lakini ilipofika 2018 ikajulikana kwamba wengi walinyimwa kazi na matibabu, na wengine wakafukuzwa nchini, kwa sababu tu hawakuwa na hati za kuthibitisha haki hiyo. Cheti cha kuzaliwa cha binti yako, pamoja na barua inayoonyesha kwamba ninyi mlikuwa wakaazi wa kudumu siku aliyozaliwa, ni vitu vya kuhifadhi hata akiwa mtu mzima.

Baba Wawili, Reading

Mama, naomba nikujibu kuhusu sheria bila kukutisha na bila kukuficha.

Ni kweli kwamba mwenye uraia wa nchi mbili yuko wazi zaidi kuliko jirani yake. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981 inampa waziri mamlaka ya kumvua mtu uraia kwa manufaa ya umma, ila kama mtu huyo alizaliwa Mwingereza, haruhusiwi kumwacha bila uraia wowote. Kwa hiyo panga hilo humwelekea aliye na nchi ya pili. Lakini mamlaka hayo hutumika kwa mambo mazito kama ugaidi. Mtoto harudishwi popote kwa sababu ya pasipoti iliyo kwenye bahasha, na binti yako anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, tena aambiwe na wewe mwenyewe.

Kuficha pasipoti nako hakusaidii chochote. Shamima Begum, aliyezaliwa London na kwenda Syria kujiunga na kundi la kigaidi la IS, alivuliwa uraia mwaka 2019 kwa hoja kwamba alikuwa Mbangladeshi kupitia wazazi wake, ilhali Bangladesh yenyewe ilimkana. Uraia wa kurithi hukaa katika sheria, haukai katika kijitabu.

Kuhusu nyumbani, Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini akishafikisha miaka 18 hupoteza ule wa Tanzania asipoukana wa pili. Nimeumia sana kwa jambo hili, kwa sababu mtoto wangu wa kwanza ana miaka 16 na Serikali yetu imechagua njia ya hadhi maalumu kwa walio ughaibuni badala ya uraia pacha. Anza kumwandaa mapema, ili siku hiyo isije ikamwangukia kama adhabu.

Kijana wa Hull

Shikamooni. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa aina hiyo. Nilipokuwa na miaka kumi nilimkataza mama kunisemesha Kiswahili barabarani, naye akatii, kwa upendo, mpaka mwisho akazoea kunijibu kwa Kiingereza hata jikoni. Bibi yangu alipougua nikapigiwa simu kutoka Bagamoyo, nikawa nasema "ndiyo, bibi" tu, kwa sababu maneno mengine yote yalikuwa yameniponyoka. Mama, kwenye basi mwache anyamaze akitaka, lakini nyumbani usimwachie.

Muuguzi wa Tanga

Marahaba, mwanangu, na ahsanteni nyote. Barua ya mwalimu mkuu nimeshaiandika. Jana usiku tuliitoa pasipoti pamoja, tukaiangalia ile ngao ya Taifa, naye akataka kujua kwa nini karafuu zimewekwa miguuni pa mwanamume na pamba miguuni pa mwanamke. Sikuwa na jibu, tukakubaliana ampigie babu yake Jumapili amuulize, na amuulize kwa Kiswahili. Pasipoti ameirudisha kwenye bahasha mwenyewe.