Mtunzi anayeshika fimbo: njia ya Berislav Šipuš, na nota za okestra ya Zagreb

MezaYaNota:
Habari wakuu. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Nikisoma kuhusu muziki wa kisasa wa Kroatia, jina la Berislav Šipuš linajirudia: mtunzi, mwongozaji wa okestra, mkurugenzi wa tamasha, hadi waziri. Alipitia wapi, na kwa nini watunzi wa huko hushika pia fimbo ya kuongozea okestra? La pili: kazi mpya ya dakika 12 ikikubaliwa na okestra ya Zagreb, nota ziandaliweje zisilete balaa mazoezini?

FimboNyeupe:
Mkuu, Šipuš (tamka Shipush) alizaliwa Zagreb mwaka 1958, akasomea utunzi katika Chuo cha Muziki cha jiji hilohilo kwa Stanko Horvat, akahitimu 1987. Usimchanganye mwalimu huyo na Milan Horvat, yule mwongozaji. Horvat ni jina la ukoo lililojaa Kroatia nzima.

Baadaye alifanya kazi La Scala, jumba la opera la Milano, Italia, akiwa mpiga piano wa baleti. Wengi huiruka hatua hii kana kwamba ilikuwa ya kutafuta mkate tu. Mpiga piano wa mazoezi hubeba okestra nzima kwa vidole kumi, hufuata miguu ya wachezaji, na anajua kila mahali ambapo kasi itagomba kabla okestra yenyewe haijaingia. Ni shule ya uongozaji isiyoandikwa kwenye cheti.

Sasa fimbo. Zagreb ina tamasha la muziki mpya, Muzički biennale, lililoasisiwa na mtunzi Milko Kelemen mwaka 1961. Mtunzi mashuhuri Stravinsky alifika pale 1963. Hufanyika kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo ukikosa nafasi, kazi yako inakaa kabatini hadi awamu nyingine. Šipuš aliliongoza kuanzia 1997 hadi 2011, na mwaka 2001 akaunda Cantus Ansambl, kundi dogo la muziki wa kisasa. Hapo ndipo lilipo jibu lako. Okestra kubwa ina ratiba yake ya Beethoven na Brahms, na kazi mpya hupewa kona tu. Mwenye kundi lake la watu kumi na kadhaa huisikia kazi mapema, huirekebisha, na hupiga kazi za wenzake pia. Uwaziri wa utamaduni (2015 hadi Januari 2016) ni pambo la wasifu. Kwa maoni yangu Cantus ina uzito zaidi.

SautiYaNne:
Naongezea, maana jambo hili halikuanza naye. Igor Kuljerić (1938–2006), mzaliwa wa Šibenik, alikuwa mtunzi na mwongozaji vilevile, na mwalimu wake Stjepan Šulek alitunga, akaongoza, na fidla akapiga. Kizazi cha sasa kina Ivan Josip Skender, naye mtunzi na mwongozaji.

Ukitaka mahali pa kuanzia, sikiliza *Hrvatski glagoljaški rekvijem* (misa ya wafu) ya Kuljerić, ya 1996. Maneno si Kilatini bali ni Kislavoni cha Kanisa, lugha ya kale ya ibada ya Waslavi, kwa namna ya Kikroatia. Kwaya za nje huharibu hapo: huyatamka Kirusi.

KaratasiZaWapigaji:
Nijibu la pili, ambalo ndilo huua kazi nyingi nzuri.

Hesabu nakala kwanza. Ala za nyuzi zikiwa 16-14-12-10-8 (violini ya kwanza, violini ya pili, viola, cello, besi), wapigaji wawili hushirikiana stendi moja, kwa hiyo unahitaji nakala 8+7+6+5+4, yaani 30. Wapuliza ala kila mmoja ana yake: wawili wawili wa filimbi, oboe, klarineti na basuni ni 8, honi 4, tarumbeta 2, tromboni 3 na tuba ni 10. Ongeza timpani, ngoma nyingine na kinubi, unapita 50. Kosa moja kwenye violini ya kwanza limeshajirudia mara nane.

Kufungua ukurasa: kwenye nyuzi, anayekaa upande wa ndani ndiye anayefungua, na kwa sekunde hizo nusu ya sauti inapotea. Ukiweka pigo kuu juu ya ukurasa mpya, utalisikia likiwa jembamba na utadhani umekosea upangaji wa ala. Acha mapumziko mwishoni mwa ukurasa wa kulia, hata ukibakiza nusu ya karatasi tupu.

Namba za taktu (vipande vya mapigo kati ya mistari ya wima) ziwe mwanzoni mwa kila mstari na zifanane kwa wote. Palipo na 7/8, yaani mapigo saba kwa taktu, andika juu yake kama ni 2+2+3 au 3+2+2. Usipoandika, mwongozaji atapiga moja na ngoma zitapiga nyingine. Anayenyamaza taktu 20 au zaidi mwekee nota ndogo za mwenzake atakayemsikia kabla ya kuingia.

Na hili la Kroatia hasa: kama Wajerumani, wao huita H ile unayoita B, na B kwao ni B-flati. Ukisema mazoezini "klarineti, pigeni B", utapata nusu toni chini ya unayoitaka, na si wao waliokosea.

MezaYaNota:
Nimeelewa, asanteni. Je, mtunzi akiongoza kazi yake mwenyewe si bora zaidi?

KaratasiZaWapigaji:
Si lazima. Anasikia kilichomo kichwani badala ya kinachopigwa, na jukwaani ala za shaba (tarumbeta, tromboni na wenzao) ziko karibu naye kuliko zinavyofika kwa msikilizaji. Amweke mtu katikati ya ukumbi na nota kamili (zenye ala zote pamoja) na penseli. Kisha asibadilishe kwa mdomo tu: kila badiliko mkutubi wa okestra, mtunza nota, alipate kwa maandishi, namba ya taktu ikiwa ya kwanza, ili liingie kwenye nakala zote kabla ya zoezi linalofuata.

FimboNyeupe:
Na penseli iwe laini, 2B. Kalamu ya wino haifutiki.