Tupeane uzoefu: mlipanda nini kikawafia, na mlifanya nini baadaye?

Mwana Mikindani
Wadau, salaam aleikum na hamjambo. Picha za siku ya kupanda miti sote tunazo. Hapa naomba tuzungumze ya baada ya hiyo siku. Kama mlipanda au mlilinda kitu kikawafia mikononi, kilikufa kwa nini, na mkafanyaje? Naanza mimi.

Kikundi chetu kiko Mikindani, Mombasa, kando ya hori la Tudor. Mwaka wa kwanza tulipanda miche 600 ya mkoko. Tuliipanda mbele kabisa, penye tope tupu, kwa kuwa palikuwa wazi na kazi ilikwenda upesi. Baada ya miezi mitatu nikashuka maji yakiwa yamekupwa, nikahesabu miche 41. Iliyobaki kusimama ilikuwa imeandamwa na vile vijidudu vya magamba meupe, magumu, kuanzia shinani hadi majani ya chini. Nikajaribu kukwangua mmoja kwa ukucha, ukang'oka mzima mzima. Mzizi haukufika hata urefu wa kidole. Niliumia, kwa maana kuna kina mama walioacha biashara zao siku tatu kuja kufinyanga lile tope nasi.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita na mtumbwi. Akasimama, akaniuliza: "Mwanangu, nani kawaambia mkoko hukaa huko mbele?" Akanionyesha kwa kasia. Mti unaopokea mawimbi ni mlilana. Mkoko huja nyuma yake, kisha mkandaa, na kule juu maji yanakofika wakati wa bamvua tu, bahari ikijaa kupita kawaida, utaukuta mchu. Miti iliyosalia palepale ilikuwa imejipanga hivyo hivyo, na sisi tulizaliwa kando yake tusiitazame. Mwaka uliofuata tuliacha kule mbele, tukapanda 200 tu nyuma ya mililana, kwenye mapengo yaliyoachwa na wakata boriti. Zaidi ya nusu iko hai. Huu ni mwaka wa nne na mingine imenipita kifua.

Mama Kitalu, Jomvu
Pole sana kaka yangu. Sisi kilichotumaliza ni taka. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 mifuko imepungua, hilo siwezi kulikana. Lakini chupa na pampasi ndizo zimebaki. Pampasi ikishanywa maji ya bahari huwa nzito, ikiukalia mche mchanga huulaza, na mche uliolala topeni siku mbili tatu hauinuki tena. Sasa baada ya kila bamvua tunashuka wanawake sita na magunia, kwa kuwa maji ya bamvua ndiyo yanayozoa taka za juu na kuzishusha mikokoni. Hakuna anayetulipa.

Na jambo jingine, viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Vikitoka kitaluni 300, jioni lazima virudi 300, na mimi huvihesabu mwenyewe. Zamani tulikuwa tukivichana na kuviacha palepale.

Kijana wa Kisauni
Sisi kilichotumaliza ni kaa. Walikata miche usiku mmoja kama kwa kisu. Tulikuwa tukichomeka mbegu changa moja kwa moja topeni. Sasa tunazikuza kwanza kitaluni mpaka shina likomae, na kaa hawazigusi sana.

Nahodha wa Bamburi
Mimi si mtu wa miti. Natembeza wageni kwa mashua ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, ile ya tangu 1986. Hadithi yangu ni ya kasa.

Kuna usiku kasa alipanda ufuoni akataga chini mno, mahali ambapo maji ya bamvua yangefika. Tulimwona tukiwa vijana wanne. Asubuhi, jua limeshapanda, tukafukua mayai, tukayatia kwenye ndoo, zaidi ya mia, tukayazika upya juu karibu na minazi. Tukaweka ua wa makuti na zamu ya kulinda. Siku 60 zikapita, 70 zikapita. Tulipofukua, harufu ilitutosha. Hakutoka hata mmoja.

Wale tuliokuwa tukiwalinda usiku na mchana, tulikuwa tumeshawaua asubuhi ile ya kwanza. Afisa wa wanyamapori alikuja akatueleza bila kutugombeza: yai la kasa likishakaa saa chache, kijusi hujishika juu kwenye ganda. Ukiligeuza baada ya hapo, anakufa. Sasa hatuhamishi kitu bila kuwapigia simu kwanza. Wakituruhusu, ni usiku ule ule, yai moja moja, upande wa juu umetiwa alama ya penseli na unabaki juu, na shimo jipya lina kina kile kile cha la kwanza. Saa zikishapita tunaliacha tu.

Kiota cha pili kilianguliwa salama, lakini vitoto vikageukia taa za hoteli badala ya bahari, kwa sababu hufuata mwanga. Tuliviokota maegeshoni, tukipapasa chini ya magari. Kimoja kilikuwa kimetulia kiganjani mwangu, hakina uzito wa kitu, mapezi yanaendelea kupiga tu. Mlinzi wa usiku wa hoteli ile ndiye aliyetusaidia; alianza kuzima taa za upande wa ufuo kabla hata wakubwa zake hawajakubali. Sitamsahau.

Fundi wa Kiembeni
Niongezee la zamani, maana wengi hupita Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, bila kujua kuwa ule msitu ulianza kwa miti kufa. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe ya kale, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alijaribisha aina 26 za miti, zikasimama tatu tu, mvinje na mnazi zikiwemo. Hata hapo kazi haikuisha. Majani ya mvinje yalikuwa yakianguka na kurundikana, hayaozi, kwa hiyo udongo haupatikani. Wakaleta jongoo wenye miguu myekundu, wakayala yale majani, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Marehemu babangu alifanya kazi kwenye machimbo yale, na alikuwa akitukataza kabisa kuponda jongoo nyumbani. Nilielewa nikiwa mtu mzima.

Mweka Hazina
Naomba niseme linaloniuma. Kampuni moja ilitupa fulana na pesa za miche 2,000 kwa siku moja. Tukawaeleza eneo letu linachukua 500. Wakasema bango limeshachapishwa. Tukabana miche mpaka unakanyaga mmoja ukipanda mwingine. Hawakurudi hata mara moja, na walipotuandikia walitaka idadi iliyopandwa, si iliyo hai. Safari iliyofuata tuliwakatalia, tukakosa pesa. Kikundi kiligawanyika kwa ajili hiyo na wengine hawasemi nami mpaka leo. Bado naona tulifanya sawa.

Mwana Mikindani
Mlifanya sawa, Mweka Hazina. Na sisi tumeanza kuandika daftarini miche iliyo hai kila baada ya miezi mitatu, hata ikiwa aibu.

Nina swali kwa wanaojua. Lile pengo la mbele bado linanisumbua, ufuo unaliwa. Mbegu ya mkoko naijua: ndefu, na ikiwa na pete ya manjano shingoni imekomaa. Mlilana je?

Mama Kitalu, Jomvu
Mlilana ni tunda, kaka, la mviringo, lina kitako kama nyota. Okota yaliyoanguka yenyewe yakalainika. Loweka, pondaponda, utatoa mbegu ndogo ndogo nyingi. Zisie kitaluni mahali maji yanapofika kila siku, lakini yasikokuja kwa nguvu. Zitakufa nyingi, nakwambia mapema. Njoo Jomvu bamvua ikipita, nina miche kama thelathini ya kukugawia, ila viriba vyangu utanirudishia.