Naomba ushauri: dada yangu kachafuliwa jina mtandaoni, tuanzie wapi?

Habari zenu wakuu. Dada yangu anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwezi uliopita mtu alirusha picha yake kwenye magrupu ya WhatsApp akidai ni tapeli, kala hela za wateja wa mikoani. Huyo mtu hajaenda polisi wala hajaonyesha muamala hata mmoja. Lakini picha imeshafika Facebook, na ukitafuta jina la dada Google, hiyo ndiyo inatangulia.

Juzi nilikuwepo mteja wa Dodoma alipokuwa anakagua gunia. Akachungulia simu, akamtazama dada usoni, akaondoka. Bei hata hakuuliza. Inaniuma sana, maana biashara ya mzigo wa mbali ni kuaminiana: mtu anatuma hela kabla hajaona dagaa.

Najua kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tuanze polisi au kwa wakili? Skrinishoti tulizohifadhi zinatosha kuwa ushahidi? Na dada akijibu hadharani, si ndiyo atazidi kuisambaza hiyo picha? Wanasheria na mliowahi kupitia haya, naombeni msaada.