Ofisi za forodha zinasaidiaje biashara ya kimataifa, mbali na kukusanya ushuru?

Mwanafunzi_wa_Uchumi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Tumezoea kuiona forodha kama mlango wa kukusanyia ushuru na kuzuia magendo, lakini mamlaka zenyewe husema kwamba mojawapo ya majukumu yao ni kuwezesha biashara. Ninashindwa kuelewa jinsi ofisi iliyopewa uwezo wa kusimamisha mzigo inavyoweza kuurahisishia safari. Je, kuna utaratibu halisi nyuma ya kauli hiyo, au ni pambo tu?

Wakala_wa_Forodha:
Utaratibu upo, ndugu. Sehemu kubwa ya kazi huondolewa mpakani, nyingine ikafanyika kabla mzigo haujafika na nyingine baada ya kutoka. Meli ikiwa bado baharini, mwagizaji anaweza kuwasilisha tamko lake kwa njia ya kielektroniki, na mfumo ukapima hatari kwa kuangalia aina ya bidhaa, nchi ilikotoka na mwenendo wa mwagizaji huyo siku za nyuma. Shehena isiyo na mashaka huachiwa bila kufunguliwa. Baadaye, hata baada ya miezi kadhaa, maofisa wanaweza kufika ofisini kwake na kukagua vitabu vya hesabu, na haki hiyo ndiyo inayowapa ujasiri wa kuachia mizigo mapema.

Hata pale mwagizaji na forodha wanapobishania thamani ya bidhaa, mzigo unaweza kutolewa kwa dhamana huku ubishi ukiendelea. Utaratibu huo umo katika Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017.

Mkaguzi_Mstaafu:
Naongezea uamuzi wa awali, yaani uamuzi wa forodha kuhusu bidhaa kabla haijaingizwa nchini, ambao kwa maoni yangu unapita yote hayo, ingawa hauvutii macho kama mitambo ya eksirei. Bidhaa huainishwa kwa misimbo ya HS (Harmonized System, mfumo wa kimataifa wa kuzipa bidhaa namba), inayosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na iliyoanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia mfumo huo, kisha kila nchi huongeza zake. Sasa, saa ya mkononi inayopokea simu na ujumbe iwekwe kwenye fungu la saa au la vifaa vya mawasiliano? Kila fungu linaweza kuwa na ushuru wake, na mwagizaji aliyekwisha kupanga bei anaweza kupata hasara kwa sababu ya jibu asilolitarajia. Akiomba uamuzi wa awali, hupewa jibu la maandishi linaloifunga forodha yenyewe kwa muda maalumu, mradi maelezo aliyotoa ni ya kweli. Hapo anaweza kutia sahihi mkataba na muuzaji akijua atalipa nini.

Mwagizaji_Mdogo:
Kwa heshima zote, wazee wangu, sehemu kubwa ya haya huwanufaisha wakubwa. Hadhi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa, inayompunguzia mtu ukaguzi, hudai kumbukumbu safi, uwezo wa kifedha na usalama wa maghala, na dhamana nayo hufunga mtaji. Isitoshe, mara nyingi mzigo unaosemwa umekwama forodhani unasubiri kibali cha mamlaka ya chakula, ya dawa au ya viwango.

Wakala_wa_Forodha:
Hoja ya vibali ni ya kweli, na ndiyo iliyozaa mfumo wa dirisha moja, ambapo taarifa huwasilishwa mara moja na taasisi zote husika zikazichukua hapo. Hata hivyo, tovuti moja haitoshi ikiwa kila taasisi bado inataka karatasi zake mkononi. Nimeona madirisha ya aina hiyo. Kuhusu hadhi, mkataba uleule unasema kwamba, kadiri inavyowezekana, vigezo visizuie ushiriki wa biashara ndogo na za kati. Maneno hayo, "kadiri inavyowezekana", yameacha mwanya mpana, kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara vinapaswa kuyabana katika kamati ya taifa ya kuwezesha biashara, ambayo kila nchi mwanachama inatakiwa kuwa nayo.

Mwanafunzi_wa_Uchumi:
Nawashukuru sana. Nitaanza na kamati hiyo, nione kama wafanyabiashara wadogo wana kiti ndani yake.