Yule kijana wa miwani ya VR pale Mwanga leo kanivua miwani mbele ya watoto

Fundi_wa_Gungu (mleta uzi)
Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule kijana wa banda la gemu pale Mwanga, Kigoma, simtaji, mnamjua wote, yule asiyevua kofia hata usiku. Leo kanivua miwani ya VR usoni, ile inayofunika macho yote ukajiona uko ndani ya gemu, na gemu iko katikati, mbele ya foleni ya wanafunzi, akasema kwa sauti ya mnadani: "Mzee, nenda kacheze bao."

Bao! Mimi! Nina miaka 43. Simu za nusu ya Gungu zinapona mikononi mwangu, halafu nifukuzwe kwenye kifaa cha umeme na mtoto niliyembadilishia kioo cha simu kwa mkopo na hajalipa mpaka leo.

Nimelipa buku 3 kwa dakika 10. Kanivisha chapchapu, mkanda umelegea, sponji ya usoni imelowa jasho la mkoa mzima kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, inanuka kila aina ya mafuta ya nywele yaliyowahi kuingia sokoni. Nikanyamaza. Picha ina ukungu, namwambia sioni vizuri, ananijibu "utazoea". Utazoea nini? Lenzi zile zinasogezwa, ni kazi ya sekunde mbili. Hajagusa. Nikanyamaza tena. Gemu yenyewe ni ya kuzama baharini. Papa akanijia mdomo wazi, mkubwa kama basi la Kasulu, nikarudi nyuma hatua moja. Moja! Nani asingerudi? Hapo hapo nikasikia mkono kisogoni, mwanga ukanipiga machoni, foleni nzima inanikodolea. "Mzee, nenda kacheze bao."

Halafu dakika zangu zilizobaki kampa mtoto wa kidato cha pili. Papa wangu kamalizwa na mtoto wa kidato cha pili, mimi nimesimama pembeni naangalia kwenye TV.

Shikamoo sikupewa, nimepewa bao. Mwenye banda kama umo humu, huyo kijana atakufilisi.

Binti_Kibirizi
Nimecheka mpaka mgebuka umeungulia jikoni 😂 Pole kaka. Huyo namjua, mimi nilienda nimetoka kusuka, akabana ule mkanda nywele zikalala zote. Nimesukia nini sasa?

Mzee_wa_Reli
Hii chai. Hatua moja? Nilikuwepo kwenye foleni. Mkuu ulishafika mlangoni kwa muuza mitumba, mikono juu, unaita mama.

Fundi_wa_Gungu
Kumbe ulikuwepo! Ukasikia mtu mzima anaambiwa akacheze bao, ukanyamaza! Humu ndani hamna watu.

Mzee_wa_Reli
Nilikuwa nacheka mkuu, ningeongeaje.

Waya_Mwekundu
Kwenye lenzi mleta uzi ana hoja. Meta Quest 2, ile ya 2020, lenzi zake zina nafasi 3 kufuata umbali wa mboni zako: milimita 58, 63 na 68. Ukiwekewa isiyo yako unaona ukungu na kichwa kinaanza kugonga. Na kizunguzungu kinakuja kwa sababu macho yanaona unakwenda wakati sikio la ndani linasema umesimama. Tena kabla mtu hajaanza anachorewa mstari wa mpaka sakafuni. Ukiusogelea unaona kimia mbele ya macho, unarudi mwenyewe. Kama aliuchora, ya nini kumvua mtu? Mimi nilimkuta kaianika ile miwani juani, lenzi zinaangalia juu. Jua likipita kwenye lenzi linachoma kioo cha ndani. Endeleeni kupanga foleni, mtaishia kuangalia madoa.

Mvuvi_Katonga
Watu mna hela za kuchezea. Ziwa Tanganyika hili hapa, mita 1,470 kwenda chini, Afrika hakuna linaloligusa, duniani linapitwa na Baikal tu, we unalipa buku 3 ukaangalie maji ya kwenye miwani. Njoo Katonga nikuzamishe bure.

Fundi_wa_Gungu
Sijaomba kuzamishwa. Nimesema kanivua miwani, dakika zangu bado, akaniambia nikacheze BAO. Mbona hilo hamligusi?

Kete_Ujiji
Na sisi wacheza bao tumewakosea nini, yeye na wewe? Kila anayetaka kumtukana mtu anatutaja sisi. Mashimo 32, kete 64, huyo mwenye kofia namua yenyewe, hatua ya kwanza tu, haimalizi, mtaji, ile ya pili, atausikia kwa jirani. Mleteni kibarazani nimfunge mbele ya foleni yake.

Muha_wa_Dar
Nyie mna raha, mnalilia miwani. Huku Dar kuna mama sokoni kaniapia kwa watoto wake kwamba dagaa ni wa Kigoma. Nafika nyumbani, naonja, Mwanza mtupu. Mchanga juu.

Mvuvi_Katonga
Huo ndio wizi wa kufungulia uzi. Wa kwetu ni ndugu wa sardini, wale wa Ziwa Victoria ni ukoo mwingine kabisa, ladha zinakutana wapi? Wanachafua jina la mkoa.

Binti_Kibirizi
Na mawese je? Yupo mmoja, simtaji, anajaza dumu nusu mawese nusu maji ya bomba. Ukiweka jikoni yanakurukia usoni.

Fundi_wa_Gungu
Wakuu turudi kwenye mada.

Muha_wa_Dar
Nani anaweza kunitumia dagaa wa kweli kwa basi? Sado inasimamia shilingi ngapi sasa hivi huko?

Binti_Kibirizi
Zipo mbili, wakavu kabisa. Njoo inboksi tuelewane bei.

Waya_Mwekundu
Moja niwekee mimi, naipitia jioni.

Muha_wa_Dar
Aisee, mimi ndiye niliyeuliza kwanza!