Mzazi akija kutembea: tulimpeleka mama Oakland Cemetery, Atlanta

Ndugu zangu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Kuna aliyeuliza humu ampeleke wapi mzazi aliyekuja kwa miezi mitatu na anashinda sebuleni akichungulia dirishani. Mimi Jumamosi nilimpeleka mama makaburini. Nilisita kumwambia, maana kwetu Kilimanjaro mtu haendi makaburini kupunga upepo. Anakwenda kuzika, au kufyeka majani Krismasi ikikaribia.

Oakland ilianzishwa mwaka 1850. Ni ekari 48, na waliozikwa humo ni kama 70,000. Enzi hizo familia zilipanda maua kwenye viwanja vyao na kuja na chakula Jumapili, ndiyo maana hata leo ni bustani kamili. Kuingia ni bure. Tulipanda MARTA, treni ya mjini, tukashuka kituo cha King Memorial, kutoka hapo ni mwendo mfupi. Njia nyingi za ndani ni za matofali ya zamani na hazikukaa sawa, kwa hiyo mwenye maumivu ya magoti avae raba. Tulikaa muda wa saa nne hivi, nusu yake chini ya mti na chapati na chupa ya chai.

Kwa Bobby Jones, yule bingwa wa gofu, watu huacha mipira juu ya kaburi. Kwa Maynard Jackson nilimkumbusha mama uwanja wa ndege alioshukia: jina la pili la Hartsfield-Jackson ni la huyu, meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, aliyefariki 2003. Akasimama pale kitambo.

Lakini siku yetu ilikuwa upande wa Wamarekani weusi. Mama aliona nyasi nyingi na mawe machache, akauliza wenyewe wako wapi. Nikamweleza kwamba mwaka 1852 baraza la mji liliamua weusi wazikwe kando, na mwaka 1877 wakafukuliwa na kuhamishwa ili viwanja vile wauziwe wazungu. Wengi hawakuwa na uwezo wa kununua jiwe. Waliweka alama za mbao, zikaoza, au walipanda mmea tu.

"Kumbe kama isale," akasema, ule mmea ambao sisi Wachaga tunaupanda kaburini.

Kaburi la babu yake halina jiwe mpaka leo. Lina masale, na hakuna mjukuu anayethubutu kuyang'oa. Kuanzia hapo hakukanyaga tena nyasi zile. Alipita pembeni, akifika kwenye kichaka anainama, anatazama shina, ananiuliza huu umejiotea au umepandwa. Sikuweza kumjibu. Mama yangu alikuwa kimya tangu atue Marekani. Siku hiyo alizungumza mpaka tunafika nyumbani.

— Clarkston

*

Asante sana dada. Baba yangu anafika mwezi ujao kutoka Lubumbashi. Na kule kwa wanajeshi wa majimbo ya Kusini, wale waliopigana vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mlipita? Nimjibu nini akiuliza? Halafu jua je?

— Decatur

*

Tulipita, kaka. Wako kama 6,900, na takriban 3,000 hawajulikani majina. Simba wa jiwe aliyewekwa pale 1894 kuwakumbuka aliondolewa 2021. Mwambie baba ukweli wote: walipigania upande uliotaka utumwa uendelee. Mzee atakuelewa, wala usimfiche.

Jua la Julai ni kali, nendeni asubuhi na mbebe maji ya kutosha. Kofia pia. Watoto wasipande juu ya mawe wala kuyaegemea, mengine yamelegea.

Jambo jingine: ile taasisi inayoitunza, Historic Oakland Foundation, hupokea watu wa kujitolea kwenye bustani. Nimemwambia mama. Swali lake lilikuwa moja tu, jembe wanatoa wao au aje na lake.

— Clarkston